Nukta Iliyopotea kwenye Hati ya Shamba

Fidia ya shamba ni hesabu, na watu wa Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, hawahitaji kufundishwa hilo. Gesi ya Mnazi Bay, jirani na mlango wa mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika 2015. Ardhi inapotwaliwa kwa mradi wa namna hiyo, mthamini hupima eneo, huhesabu mikorosho na minazi, na mwenye shamba hutia saini au dole gumba. Baadaye karatasi hupigwa skani, kisha programu hugeuza picha yake kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa kwenye kompyuta.

Hapo ndipo nukta hupotea.

Hekta 1.5 inasomeka 15. Tatu inageuka nane. Herufi l inakuwa tarakimu 1, na jina lenye ng' linavuliwa kialama chake, halafu halifanani tena na la kitambulisho cha taifa (NIDA). Hati za pwani zina matatizo ya ziada: wino uliotawanyika kwa unyevu, kutu ya pini, muhuri wa kijiji uliogongwa juu ya jina, mwandiko wa mkono ambao programu iliyozoea chapa huukisia tu. Lugha nayo ina kazi yake. Tesseract, programu ya bure inayotumika sana kusoma maandishi, ina faili la Kiswahili. Fundi wa stesheneri akiiacha kwenye Kiingereza, itayavuta maneno ya Kiswahili kuelekea maneno inayoyajua.

Wapo wanaodhani mashine haikosei. Agosti 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu zenyewe. Kwenye ramani ya nyumba, vyumba vitatu vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikiwa na 14.13. Utambuzi wa maandishi haukuhusika hata kidogo. Mashine ilikuwa inabana picha, ikaona vipande vinafanana na kutumia kimoja mahali pa kingine. Kampuni ilitoa programu ya kurekebisha. Cha kutisha ni kwamba nakala zilikuwa safi, wala hapakuwa na doa la kumshtua msomaji.

Sheria inampa mwananchi pa kushika. Kwa Sheria ya Ushahidi, yaliyomo kwenye hati huthibitishwa kwa hati halisi, na nakala hukubaliwa kwa sababu maalumu, kwa mfano halisi ikiwa imepotea au kuungua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikatai ushahidi kwa kuwa tu uko kwenye kompyuta, lakini inaitaka mahakama iangalie ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa kabla ya kuupa uzito. Kwa hiyo mwenye hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali, ana haki ya kuhoji: maandishi haya yalisomwa na nani, na nani aliyalinganisha na karatasi?

Pia anaweza kuomba nakala iliyothibitishwa ya hati ya umma anayoruhusiwa kuikagua, kwa kulipia ada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Mtunza taarifa akikaidi, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kosa la uandishi au la hesabu likiwa ndani ya hukumu yenyewe ya shauri la madai, mahakama iliyoitoa inaweza kulisahihisha bila mhusika kukata rufaa.

Kosa linalompendelea mwenye shamba nalo lisinyamaziwe. Mwenye hekta 1.5 aliyelipwa za 15 ataulizwa siku moja, na saini yake ndiyo itakayokuwa mezani.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji wakili. Kabla ya kusaini fomu iliyochapwa, mtu aweke karatasi halisi kando yake, mwenzake asome kwa sauti: majina kwanza, kisha eneo, namba ya hati, idadi ya miti, tarehe. Asiyejua kusoma anaweza kwenda na msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua na huduma yake ni bure. Tofauti ikionekana, barua ya kuomba marekebisho iandikwe nakala mbili, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Moja ibaki ofisini, ya pili irudi nyumbani pamoja na hati halisi, ambayo haiachwi kwa karani wala stesheneri hata kwa usiku mmoja.