Choa Kinachorudi Baada ya Dawa

Hapa Gisenyi kremu za ngozi hazisumbui kupatikana. Ziko kwenye maduka ya dawa, ziko sokoni, nyingine huvuka mpaka kutoka Goma zikiwa kapuni na bidhaa nyingine. Mtoto akitoka choa shingoni, mzazi ananunua tyubu, anampaka siku tatu nne, mwasho unatulia, tyubu inawekwa kando. Wiki mbili hazipiti choa kimerudi, kimetanuka, na mdogo wake naye anajikuna.

Wengi husema dawa ilikuwa feki, na huenda ni kweli. Lakini hata dawa halali inaweza kushindwa.

Terbinafini huua fangasi kwa kuzuia kimeng'enya kinachomsaidia kutengeneza mafuta ya utando wa seli zake. Klotrimazoli na flukonazoli huzuia kazi hiyohiyo katika hatua nyingine. Fangasi akizaliwa na kimeng'enya chenye umbo tofauti kidogo, dawa haikamati. Wengine wana pampu kwenye utando, na dawa ikiingia hutolewa nje. Mwanzoni fangasi hao huwa wachache. Tiba ikikatishwa, walio dhaifu wamekufa, sugu wamebaki, na ngozi yote ni yao.

India wameliona hili kwa uchungu. Huko alienea fangasi wa choa aliyepewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020, na mara nyingi terbinafini haimwezi. Sasa amefika Ulaya na Marekani. Wataalamu wanazitaja kremu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi na steroidi kali pamoja, kuwa miongoni mwa yaliyomsaidia kuenea.

Kwa hiyo kabla ya kupaka, geuza tyubu usome maandishi madogo. Ukikuta clobétasol au bétaméthasone, hiyo ni steroidi. Inazima wekundu na mwasho upesi, ndiyo maana watu huisifu, lakini pia inapunguza nguvu ya kinga ya ngozi mahali hapo, na fangasi anasambaa kimyakimya. Usimpake mwanao kremu hiyo kwenye choa. Kama umeitumia kwa muda mrefu, mweleze mhudumu wa afya kabla ya kuiacha.

Kremu sahihi ya choa hupakwa kwa wiki mbili hadi nne, kadiri ulivyoelekezwa, hata doa likishafifia. Paka na ngozi inayozunguka doa. Kaguaneni nyumba nzima, pamoja na paka, mbwa na sungura, kwa sababu mmoja asipotibiwa atawaambukiza wengine tena. Taulo kila mtu na yake. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Mapunye ya kichwani ni habari nyingine. Kremu haifiki kwenye shina la nywele, kwa hiyo mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Akipewa griseofulvini, ameze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ndipo mwili huifyonza vizuri.

Kuna fangasi hatari zaidi, Cryptococcus, anayeshambulia ubongo wa watu ambao VVU imedhoofisha kinga yao. Flukonazoli ikitumika peke yake, anaweza kujenga usugu katikati ya tiba. Utafiti wa ACTA uliotolewa mwaka 2018, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha manufaa ya kuchanganya dawa, na flusitosini ikiwemo. Anayeishi na VVU akiumwa kichwa kwa siku kadhaa, akatapika au shingo ikakaza, msimnunulie vidonge vya maumivu mkasubiri. Mpelekeni Hospitali ya Gisenyi siku hiyohiyo.

Kwa choa kisichopona, nendeni kituo cha afya na tyubu zote mlizotumia, hata zilizokwisha. Semeni ukweli kuhusu siku mlizopaka, na ulizeni kama magamba ya ngozi yanaweza kukwanguliwa yakapimwe kwa hadubini.