Ukumbusho wa Nyumbani

Somo la mara hii ni juu ya jambo ambalo wengi hulidharau. Tukiwauliza watoto wa darasa la tano, "Historia ni nini?", hujibu upesi kwamba ni habari za wafalme, za vita na za marais. Wajibu vema, kwa kuwa ndivyo tunavyowafundisha. Lakini tukiongeza swali, "Je, nyumbani kwenu mna historia?", darasa zima hunyamaza, halafu mmoja hucheka. Mtoto huyo adhani ya kwamba nyumba yenye mbabula moja, viti vinne na chungu cha sombe haiwezi kuwa na historia. Tutazame leo kama adhani sawasawa.

Yafaa kwanza tufahamu neno ukumbusho. Kukumbuka ni kazi ya mtu mmoja ndani ya moyo wake. Kukumbusha ni kumwamsha mwingine akumbuke naye. Basi ukumbusho ni kitu, au neno, au harufu, au desturi, ambayo mtu akikutana nayo husema, "Lo, hiki chanikumbusha jambo," kisha huanza kusimulia. Mwenye kumbukumbu aweza kuishi nazo peke yake, na siku ya kufa akaenda nazo kaburini. Ukumbusho hauwezekani pasipo watu wawili, mmoja wa kusimulia na mwingine wa kusikiliza.

Neno hilo lina heshima ya pekee katika Katanga yetu. Kutoka Kinsevere mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 30 tu, na wazee wengi wa huku walikaa mjini siku za ujana wao. Bila shaka wameziona picha ninazotaka kuzitaja. Katika miaka ya 1970 mji ulikuwa na mafundi wengi wa kuchora. Walikaza kitambaa cha magunia ya unga juu ya fremu ya miti, wakakipaka rangi ya chini, wakachora, kisha wakazitembeza picha mlango kwa mlango na kuziuza kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuilipa. Picha hizo zilikuwa za ukuta wa chumba cha wageni, na watu waliziita ukumbusho. Hodari mmojawapo wa kazi hiyo alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu tangu kale, picha zipatazo 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili mtaalamu Johannes Fabian, ambaye alizitia katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Je, katika picha hizo mlikuwa na nini? Nyingine zilionyesha kijiji wakati wa jioni, nyumba za nyasi, mto, mwanamke akitwanga. Nyingine zilionyesha mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki asemwaye kuwa huleta utajiri na kudai malipo makali. Na nyingine, iliyonunuliwa sana, iliitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari ameinua kiboko, na mkubwa Mbelgiji amesimama kando akitazama.

Labda mtu atauliza: Ni akili gani hiyo, kutundika kiboko juu ya kichwa cha mgeni anayekula bukari? Swali hilo ni la haki, nami nimelisikia mara nyingi. Fikirini mtoto aliyekua chini ya picha ile. Siku moja, bila kufundishwa na mtu, atauliza: "Baba, huyu alikosa nini?" Na baba, ambaye kwa hiari yake asingeyagusa mambo hayo hata mara moja, amepata mlango wa kuingilia. Ataanza na habari za mfungwa, ataendelea na habari za baba yake mwenyewe, na kabla ya taa kuzimwa watakuwa wamefika kwenye siku ile baba yake aliporudi kutoka kazini na baiskeli mpya, na jinsi watoto wote wa mtaa walivyoisukuma mpaka usiku. Ndivyo ukumbusho ufanyavyo kazi. Huzuni na furaha ndogo za nyumbani zimepikwa katika chungu kimoja, wala hakuna mpishi awezaye kuzitenga. Mzazi anayesimulia yaliyo matamu tu husikilizwa mara moja. Watoto wana masikio makali, watatambua kuwa amewaficha nusu.

Wenye elimu nao wamelitambua jambo hilo. Mwaka 1965, katika mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika kijitabu cha historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, pamoja na chama cha watumishi wa nyumbani. Hao ndio waliokuwa wakipika, wakifua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu. Walipata kuyaona mambo ambayo hakuna mwandishi wa serikali aliyeyaona, kwa sababu walisimama jikoni. Tangu mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu miongoni mwao, pamoja na Profesa Bogumil Jewsiewicki, waliendesha kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Walikusanya masimulizi ya watu wa kawaida, picha na vitu, na kitabu kimoja walichokitoa mwaka 2001 kina neno letu hili hili, Ukumbusho, katika jina lake. Mtoto aliyecheka darasani angeshangaa kwamba maprofesa huja kuuliza habari za vyombo vya nyumbani kwa bibi yake.

Sasa turudi kwetu. Wengi wa wazee wetu ni watoto wa kambi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kwamba yafaa mfanyakazi akae na mke na watoto badala ya kurudishwa kwao kila mara. Ikajenga kambi, shule na hospitali. Ikagawa posho ya unga na ya vyakula vingine. Watu waliiona kama baba yao, na Profesa Dibwe amekiita kitabu chake kimoja kwa jina la bana Shaba walioachwa na baba yao. Mwaka 1967 kazi ile ikawa mali ya taifa, baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi ziligeuka: akina mama ndio waliozilisha, kwa mashamba na kwa vimeza vya biashara mbele ya mlango. Ukimwuliza mzee wa kambi habari za miaka ile atakupa tarehe na kiasi cha mshahara. Ukimwuliza juu ya siku ya posho, uso wake wote utabadilika. Atakuambia mlio wa gunia linapotuliwa sakafuni, na nani aliyetangulia kutia mkono. Mambo hayo hayapatikani katika karatasi za kampuni.

Chukueni mfano wa munkoyo, maana hakuna nyumba ya huku isiyoujua. Mama hupika uji wa mahindi mpaka uive vizuri, kisha huuepua na kuuacha upoe kidogo, mpaka kidole kiweze kuuvumilia. Hapo huitia mizizi ya munkoyo iliyotwangwa ikawa nyuzinyuzi. Watoto husogea, kwa sababu jambo la ajabu lafanyika mbele ya macho yao: uji uliokuwa mzito hata mwiko kusimama, wageuka mwepesi kama maji, tena mtamu, ingawa hakuna aliyetia sukari. Mizizi ile ina nguvu ya kuivunja wanga ya mahindi iwe sukari. Lakini ikitiwa uji ungali ukichemka, moto huiua nguvu hiyo, na uji hubaki uji. Ndiyo maana mama hupima kwa kidole. Nani aliyemfundisha kipimo hicho? Mama yake. Naye? Mama yake tena. Katika kidole kile mna vizazi vitatu au vinne, na mtoto anayepewa kikombe cha kwanza, kile cha kuonja kabla haujachachuka kwa kulala, atakikumbuka hata akiwa mzee wa miaka 80. Furaha hiyo ina bei ndogo sana: yatosha kumwita asogee na kumwambia, "Tazama, sasa!" Mama anayemfukuza mtoto jikoni kwa sababu ana haraka atapata munkoyo ule ule, lakini mtoto hatakuwa na kitu cha kumwonyesha mtoto wake.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililoliona katika kilio kimoja, si mbali na hapa. Nkambo mmoja, mwanamke mwenye umri mkubwa, aliyelea wajukuu tisa, alifariki ghafula. Watu wakataka picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Ikatafutwa nyumba nzima. Picha pekee iliyopatikana ilikuwa ile ya kadi ya uchaguzi, ndogo kama ukucha, uso umekazwa kama wa mtu aliyeshtakiwa. Wakaipeleka ikuzwe mjini, ikarudi imefifia. Hilo la picha si neno. Wazee wetu wa kale walizikwa pasipo picha na hawakusahauliwa. Lililonishika ni la usiku wa pili. Mzee mmoja wa ukoo aliwaomba wajukuu waseme neno juu ya marehemu. Mkubwa wao, kijana wa miaka 20 anayefanya kazi ya mshahara mzuri, akasimama akasema, "Alitupenda sana, alitulea vizuri," akaketi. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Hakuna aliyejua alizaliwa karibu na mto gani, wala wimbo gani aliupenda alipokuwa akipura maharagwe, wala kwa nini kila jioni aligeuza kiti chake kuelekea njia ya mashariki. Walilia kwa machozi ya kweli. Walikuwa wamekula mkononi mwake muda wa miaka 20, na hawakuwa na kitu cha kusimulia.

Wengine watasema: Leo tuna simu, tunapiga picha kila siku. Ni kweli, na mimi siichukii simu. Picha ya mama akikaanga samaki ni kitu chema. Lakini simu huibiwa sokoni, huanguka majini, na picha 2,000 zapotea siku moja pamoja nayo. Tena hata zisipopotea, picha isiyosimuliwa ni karatasi tu. Wale mafundi wa Lubumbashi walijua hayo: mwenye nyumba alitundika picha moja au mbili, na picha hizo mbili zilizaa maneno ya miaka mingi. Afadhali picha tano zilizochapwa, zenye jina na mwaka nyuma yake kwa kalamu, kuliko elfu zinazolala katika mfuko.

Yatupasa pia kujihadhari na jambo jingine. Wako baba ambao masimulizi yao ni fimbo: "Sisi zamani tulitembea kilometa kumi na mbili kwenda shule, nanyi mwalalamika!" Mtoto akisikia hivyo hufunga masikio, na ana haki. Hilo si ukumbusho, ni lawama iliyovaa koti la zamani. Baba huyo huyo angesema habari za njia ile, mto walipovuka, maembe waliyoiba na mbwa aliyewafukuza, mtoto angeuliza mwenyewe, "Mlichoka?"

Wakati wa kusimulia nao si lazima utafutwe. Mkono ukiwa kazini, ulimi hulegea. Akina mama wajua: wakati wa kuchambua mboga au kumenya karanga, mambo yasemwa ambayo hayasemwi wakati watu wameketi kutazamana. Tukumbuke katika Injili ya Luka, sura ya 15, yule mwanamke aliyepoteza sarafu moja: alipoipata kwa taa na ufagio, hakuiweka kimya katika mtungi, bali aliwaita majirani wafurahi pamoja naye. Kitu kilikuwa kidogo, tena cha nyumbani, na furaha yake ilihitaji watu.

Kwa hiyo juma hili watoto wa darasa la tano na la sita wamepewa kazi, nasi tunawaomba wazazi msiwazuie. Kila mtoto atamwuliza mtu mmoja mzima wa nyumbani kwake. Asimwulize, "Zamani maisha yalikuwaje?", kwa maana atajibiwa, "Magumu," na mazungumzo yatakwisha hapo. Aulize hivi: Kitu gani humu nyumbani ni cha zamani kuliko vyote, na kilifikaje? Ulipokuwa mtoto kama mimi, chakula gani kilikufanya ukimbie kurudi nyumbani, na nani alikipika? Nani alikupa jina lako, na lilikuwa la nani kabla yako? Mkubwa akikataa kujibu swali moja, mtoto asilazimishe. Ajaribu jingine, na lile la kwanza alirudie siku nyingine, wakati wa kumenya karanga.

Majibu yaandikwe kwa maneno yale yale ya mwenye kusimulia, hata kama si Kiswahili cha shule, na juu ya ukurasa liwekwe jina lake pamoja na tarehe. Madaftari yatasomwa darasani Ijumaa, saa nne asubuhi. Wazazi na akina nkambo wanaopenda kusikiliza wakaribie. Viti vyetu havitoshi, basi kila mtu aje na chake, na mtoto atakayembebea nkambo kiti amwulize njiani kilitoka wapi.