Bulo za kulasi: kaza kwa kipimo, si kwa nguvu za mkono



Kutoka Kasapa mpaka Likasi ni kilometa 120 hivi. Kamioneti yenye kulasi iliyokazwa vibaya itatoka garaji vizuri, lakini yaweza kukuacha njiani usiku, gasketi imepasuka, wenzako wamekaa nyuma. Ndipo watu huungua mikono na uso, maana wanafungua radiatere ingali moto.

Kipimo cha kukaza bulo kinatoka wapi? Si kwa fundi jirani, wala si kwa motere uliyotengeneza jana. Kinatoka katika kitabu cha motere ile ile. Soma kwanza alama iliyopigwa kwenye motere.

Chukua mfano wa Toyota Hilux. Motere 22R ya esansi inakazwa kwa niuton-mita 78, basi. Motere 3L ya mazutu inaanza na 78 ile ile, kisha kila bulo inazungushwa tena digrii 90, halafu tena digrii 90. Ukiiacha 3L kwenye 78, gasketi itavuja. Ukiizungusha 22R namna ya 3L, bulo yaweza kukatika.

Angalia pia maandishi ya ufunguo wa kipimo. Niuton-mita 78 ni sawa na kilo-mita 8, au futi-pauni 58. Ukivuta 78 kwenye ufunguo wa futi-pauni, umekaza karibu niuton-mita 106.

Shika amri hizi:

1. Usifungue kulasi motere ikiwa moto, itapinda. Legeza kutoka pembeni kwenda katikati.
2. Safisha matundu ya bulo. Mafuta au maji yakibaki chini ya tundu, bloki yaweza kupasuka.
3. Bulo iliyovutika au yenye meno mabaya, itupe.
4. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu, ukiongeza kidogo kidogo.
5. Kwa digrii 90, tia alama ya rangi juu ya kila bulo, upate kuona ile uliyosahau.
6. Radiatere ifunguliwe ikiwa imepoa tu.

Kama kitabu hakipo, muulize mkubwa wa garaji akitafute. Usikisie. Gari kungoja siku moja ni afadhali kuliko mwenzako kulala hospitali.