SOMO LA UFUGAJI: MALALO MAKAVU NI KINGA YA KIWELE

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ng'ombe wa maziwa wanaofugwa kwa kanuni za kilimo hai huchungwa malishoni wakati wa joto, na hutiwa bandani baridi inapoingia. Kanuni zinazotumika tangu mwaka 2022 zinataka kila ng'ombe apatiwe ndani ya banda nafasi isiyopungua mita 6 za mraba, na malalo makavu ya mabua au vitu vingine vya asili.

Sharti hili lina sababu. Ng'ombe hulala takriban nusu ya siku, na baridi kavu huistahamili. Kinachomdhuru ni unyevu na hewa iliyofungika. Malalo yakirowa, vijidudu hupenya kwenye chuchu na kuleta ugonjwa wa kiwele. Mfugaji wa kilimo hai naye haruhusiwi kutumia viuavijasumu kwa ajili ya kinga. Na akimtibu mnyama, muda wa kuyazuia maziwa yake ni mara mbili ya ule wa kawaida.

Kwa hivyo mabua makavu huongezwa mara kwa mara, na samadi hurejeshwa shambani. Kipimo chake ni chepesi: mfugaji hupiga goti juu ya malalo, nguo ikirowa, basi ng'ombe naye hakulala pakavu. Wafugaji wa Unguja na Pemba wanashauriwa kukitumia kipimo hicho wakati wa masika.