SOMO: KUHESABU FOMU ZINAZOTUMWA KWA INTANETI



Tuseme shule moja inaandikisha wanafunzi kwa fomu ya intaneti. Jioni prefe anauliza: «Leo wangapi wamejiandikisha?» Hesabu ya kwenye fomu inasema 60, lakini katika daftari la seva mna majina 41 tu. Wengine 19 wako wapi? Mashine haikudanganya. Mwenye kuitengeneza ndiye alichagua vibaya kitu cha kuhesabu.

Kazi hii inafanywa na JavaScript, luga ya programu ambayo Brendan Eich aliianzisha mwaka 1995. Hapa inatembea ndani ya kivinjari cha mtu anayejaza, si ndani ya seva. Tutofautishe mambo matatu:

1. Kufinya kifungo («click»). Pengine mtu amesahau kuandika jina, nalo ni la lazima. Kivinjari kinamwonyesha kosa, hakuna kitu kinaenda. Ama rezo iko mbaya, anafinya mara tatu. Ukihesabu hapa, umehesabu vidole, si watu.

2. Kutuma («submit»). Kwa kawaida tukio hili linakuja kiisha kivinjari kuchunguza nafasi za lazima. Ndilo tunasikiliza:

fomu.addEventListener("submit", hesabu);

Angalisho: programu yenyewe ikiita fomu.submit(), tukio halitokei. Tumia fomu.requestSubmit().

3. Kufika. Hata kiisha kutuma, rezo inaweza kukatika njiani. Barua kutoka mkononi mwako si kusema imesomwa. Kama programu inatuma fomu kwa fetch, ngojea jibu la seva. Ukiona response.ok ni true, basi hesabu.

Tena, mara kwa mara linganisha hesabu yako na daftari la seva, sababu watu wengine wanafunga JavaScript katika kivinjari chao.

Neno la mwisho: hesabu tu kwamba fomu imetumwa. Usichukue majina, namba za simu wala siri ambazo mtu ameandika ndani. Alizitoa kwa shule, hakuzitoa kwa kihesabio chako.

Maulizo
a) Juu ya nini «click» inaweza kupita hesabu ya watu?
b) Mtu amefinya, rezo imekatika. Kati ya mambo matatu, gani halikutimia?
c) Prefe anataka hesabu ya kweli. Utamwonyesha ipi?