Nianzie wapi Doctor Who ya zamani?

SWALI: Nimemaliza Doctor Who mpya, sasa nataka za zamani. Huku Mgeta mtandao unasuasua. Nianze na ya 1963 moja kwa moja?
Msomaji, Mgeta, Morogoro

JIBU: Usianzie mwanzo, utachoka kabla masika hayajaisha. Anza na City of Death ya 1979: sehemu nne, kila moja kama dakika 25. Kisha Genesis of the Daleks ya 1975. Tazama sehemu moja kwa usiku; ziliandikwa zikuache roho juu wiki nzima, ukizifululiza zinapwaya. Pakua ukishuka mjini.

Hata ungetaka zote, hutazipata. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 (uzembe ulioje!), ingawa sauti zake zote zipo, kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani. Nakala za filamu ziliuzwa nje, Kenya ikiwemo, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria. Kwetu Bara usijisumbue kupekua stoo za mtu: vituo vya televisheni vilianza 1994.