Mtoto Acheze: Ngoma ya Sebuleni na Tabia Njema

Wazazi wenzangu wa London, leo tuzungumzie watoto wa miaka 3 hadi 5, hasa wale ambao nasari imeshatuita kutuambia "anasukuma wenzake" au "hajichanganyi". Wengi wetu tukirudi nyumbani tunagomba, au tunampa simu atulie. Sasa mtoto wa ghorofa ya nne, asiye na uani, atajifunzia wapi kuutawala mwili wake?

Kwetu uani ulifanya kazi hiyo. Kwenye ukuti watoto hushikana mikono katika duara. Ukivuta kwa nguvu mwenzako anaanguka na mchezo unakufa. Hakuna aliyehubiriwa adabu pale. Hata hapa Uingereza jambo hili si geni. Rudolf Laban, Mhungaria aliyefika nchini mwaka 1938, alichapisha mwaka 1948 kitabu kuhusu dansi mashuleni, ambapo mtoto haigi tu hatua za mwalimu bali anabuni zake. Chuo chenye jina lake kiko Deptford.

Nyumbani fanyeni hivi. Vueni viatu (jirani wa chini naye binadamu!), sogezeni meza, pigeni ndoo. Ndoo ikilia mtoto aende kama tembo, kama moshi, kama mama aliyechelewa basi. Ikinyamaza, agande. Mimi naona hapo kwenye kuganda ndipo penye faida kubwa, maana anazoea kujizuia wakati mwili unataka kuendelea, na nasari anahitaji hilo hilo mkono unapotaka kupiga. Halafu badilishaneni: yeye apige ndoo, baba na mama wacheze. Mtoto mwenye aibu hufurahi sana kuona wakubwa wanamtii. Tafadhali msimcheke, wala msimrekodi kupeleka kwenye WhatsApp ya ukoo. Dakika kumi kabla ya kuoga zinatosha kuanzia, ingawa mwongozo wa serikali wa 2019 unataka dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku kwa umri wa miaka 3 na 4, na 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya ahemeheme.

Msitegemee mabadiliko kwa wiki moja.

Na kama kila siku haganda ndoo inaponyamaza, mwiteni kwa sauti ndogo akiwa amewapa mgongo. Asipogeuka, nendeni kwa GP akaangaliwe masikio. Watoto wengi wa umri huu hupata majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, wakaitwa wakaidi kumbe hawasikii vizuri.